MREJESHO: Ile ishu ya mwenzetu kuitwa chizi shuleni

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza tufanyeje, mwenzetu karudi kutoka matibabu ya sonona watu wakaanza kumwita chizi.

Mabango tuliyobandika hayakusaidia kitu, yalichorwa masharubu tu 😂. Kilichofanya kazi ni ule ushauri wenu wa kuleta mtu aliyepitia mwenyewe, basi Oktoba 10, siku ya afya ya akili duniani, akaja dada mmoja aliyesoma hapohapo akaeleza alivyougua sonona, alivyokuwa hapati usingizi, hali chakula, anajiona mzigo, na jinsi ushauri nasaha na dawa vilivyomsaidia, ukumbi mzima kimya, halafu maswali yakamiminika mpaka kengele. Kuna jamaa akauliza kama inaambukiza, watu wakacheka ila dada akamjibu vizuri tu kwamba haiambukizi.

Neno chizi halijaisha, nisiwadanganye, ila darasani kwetu ukilitamka unaangaliwa vibaya. Na mwalimu wa ushauri anasema wanafunzi wameanza kumfuata wenyewe, majina hatuulizi.

Mwenzetu sasa... hapo tulichemka, tulimtolea mfano kwenye kikao chetu bila kumuuliza, akatununia wiki nzima. Tukamuomba msamaha. Juzi kaja kikaoni, kakaa nyuma kabisa.