Mjadala: Utafiti wa afya Goma, raia aitwe mezani au aulizwe mlangoni tu?

Mwenye mada, Katindo
Wiki iliyopita vijana wawili wa utafiti wenye jile (vizibao) walifika kwangu na karatasi ya kurasa sita, Kifaransa kitupu. Nisaini kwamba nimeelewa, watoe damu. Nikauliza nani alitunga yale maswali. "Yalishatungwa, papa, sisi tunajaza tu." Mimi nasema raia aingie kabla karatasi haijaandikwa. Mnaonaje?

Muuguzi, Himbi
Napinga. Ugonjwa haungoji kikao. Utafiti wa dawa nne za Ebola ulianza Beni Novemba 2018. Agosti 2019 tukajua mbili zinaokoa watu zaidi. Mngejadiliana na nyumba kumi mpaka lini? Na viti vya hiyo meza ya raia tunajua watakaovikalia: walewale wa kila semina, wanaouliza pesa ya transporti kabla ya kusalimia.

Mama wa biashara, Birere
Kwa viti umesema kweli, papa muganga. Lakini kumbuka chanjo ya pili ya Ebola, ile iliyoanzia Majengo na Kahembe Novemba 2019. Sindano mbili, katikati siku 56. Mimi alfajiri niko kwenye barriere ya mpaka na beseni kichwani, navuka Gisenyi, Rwanda. Timu yoyote ikipita mtaani kwetu saa nne inakuta watoto na mbuzi. Muuza ndizi mmoja angetosha kuwaambia waje jioni. Hata hilo linataka profesa?

Mwanafunzi wa tiba, Ndosho
Na wajawazito je? Chanjo ya kwanza ya Ebola ilianza hapa kwetu 2018 bila wao, wakaja kuingizwa 2019. Hofu ya kumdhuru mtoto tumboni naielewa. Ila mama aliyekuwa anamuuguza mumewe nyumbani, yeye alipimaje hatari hizo mbili, ya chanjo na ya Ebola yenyewe? Ningependa kumsikia.

Muuguzi, Himbi
Haya, saa na lugha nimekubali, na la wajawazito limenigusa. Kipimo cha dawa na hesabu za kulinganisha makundi muwaachie wataalamu wenyewe.

Mwenye mada, Katindo
Hesabu zao hatuzitaki. Tunataka kusema damu ya nani itolewe, kwa swali gani, na majibu yarudi mtaa upi. Wale vijana niliwauliza watarudi lini na majibu. Mmoja akamtazama mwenzake. Karatasi iko juu ya kabati, sijasaini.