Wauza nyembe za kukunja za mtumba, acheni kuzipitisha kwenye mashine!

Wadau, leo nina hasira na nitasema yote.

Nimenunua wembe wa kukunja wa mtumba, ule wa vinyozi wa zamani, kwa muuzaji wa hapa hapa Nairobi anayetangaza mtandaoni. Tangazo lake: "Mjerumani orijino, umenolewa, tayari kunyoa, unafaa anayeanza." Shilingi 2,500, na pesa nitume kwanza, la sivyo mzigo hautoki. Kwenye picha ulikuwa unang'aa kama kioo.

Umefika, nikausogeza dirishani. Shingoni penye muhuri unasoma "SOLIN", yaani Solingen, ule mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe; herufi zilizobaki zimeliwa na msasa. Karibu na ncha kuna doa la buluu, dogo kama punje ya mchele. Nikaulaza juu ya kioo cha meza: makali yanagusa huku na huku, katikati mwanga unapita. Mgongo nao umesagwa upande mmoja ukawa bapa.

Hiyo buluu anayejua chuma anaielewa. Nyembe hizi za zamani ni za chuma cha kaboni. Hutiwa moto, hupozwa ghafla ili zikaze, kisha hupashwa tena kidogo zisivunjike ovyo. Ukiubana wembe kwenye mashine ya kusaga hadi upate joto la nyuzi 290 hivi, unageuka buluu na ule ugumu unaondoka. Noa utakavyonoa, pale makali hayatakaa. Dawa yake ni kusaga sehemu hiyo yote iishe, na wembe wenyewe haujafika upana wa vidole viwili, utabaki na nini?

Na mgongo si pambo, jamani! Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelala juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Ukishausaga upande mmoja umeharibu kila kitu, na anayeanza atajuaje? Atahangaika na jiwe, atajikata shavu, mwisho ataamini mkono wake ndio mbovu, auache kabisa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mnajua mnayemuuzia hajui, ndiyo maana mnaandika "unafaa anayeanza".

Nilipomwandikia, akaniambia niupeleke kwa fundi wa visu wa baiskeli anayezunguka mtaani. Gurudumu la kunolea panga liguse wembe? Wembe ulioisha makali huanzia jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), unapanda hadi 8000 au zaidi, ndipo unaupitisha kwenye mshipi wa ngozi. (Huo mshipi si ghali, mafundi wa ngozi wa Kariokor wanaweza kukukatia.) Nikamuuliza kama aliusafisha kwa dawa yoyote. "Niliupangusa vizuri." Kitu kilichopita kwenye shingo za watu usiowajua, na virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi! Nikadai pesa yangu, akanibloku.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wembe wenyewe ulikuwa mzuri. Jina la Solingen linalindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu 1938, si muhuri wa kugonga popote. Chuma kile kingenyoa mtu hadi wajukuu wake. Kimeuawa ili picha ing'ae.

Wengi tunatafuta nyembe hizi kwa sababu ya vipele vya ndevu. Zile za plastiki zenye makali matatu manne huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na nywele zetu za kipilipili zikiota zinajikunja humo humo ndani. Mpya kutoka Ujerumani bei yake haishikiki, tunabaki na mtumba. Kwa hiyo msituuzie mbuzi kwenye gunia.

Kutu ya juu juu haitutishi, inatoka kwa mafuta na subira. Kutu iliyochimba vishimo hadi kwenye makali ndiyo mbaya, na ufa ni mbaya kuliko vyote. Tuonyesheni makali kwa karibu pande zote mbili, mgongo ukiwa umepigwa picha kwa juu, na muhuri. Asiyewahi kunyoa kwa wembe anaouza asiandike "tayari kunyoa".

Wewe uliyeniuzia, najua unapita humu. Rudisha 2,500 yangu, wembe uje uuchukue. Na mwenye wembe ambao mashine haijaugusa, hata kama umeshika kutu, aweke picha hapa chini na bei yake, nanunua wiki hii.