Masaji mchana, fidla jioni: mikono hii hii itaweza?

Binti_Nungwi:
Assalaam alaykum. Mimi nina miaka 24, nakaa Nungwi. Huu mwaka wa tatu nafanya usafi hotelini, upande wa masaji: natandika vitanda, nafua taulo, najaza chupa za mafuta. Mwezi uliopita dada mmoja aliumwa, meneja akanambia "basi leo ingia wewe". Nikakataa. Kumchua mama mgongo nyumbani ni jambo moja, mgeni aliyelipa ni jambo jengine. Lakini tangu siku ile nimenuia nikasomee.

La pili msinicheke. Toka niko skuli nnataka kujua fidla. Babu yangu alikuwa akipiga sanduku (besi ya kamba moja) kwenye kidumbaki, ile ngoma ya harusi, mimi kila harusi nakaa miguuni pake, na macho yangu yote kwa yule wa fidla. Sasa nimesikia pale Dhow Countries Music Academy, ile ya mjini iliyoanza 2002, hata asiyejua kitu anapokelewa.

Nnataka kufanya vyote viwili mwaka huu. Kuna sehemu wananambia masaji ni wiki mbili na cheti juu, shilingi laki nne. Inatosha? Na shangazi anasema nikishika vyote mikono itakufa, sitapata hiki wala kile. Ni kweli au ni maneno tu?

Mkandaji_Paje:
Wiki mbili? Shoga, hizo laki nne kanunulie kanga.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na kozi ya namna hiyo, jina lake silitaji. Tulikuwa tunachuana wenyewe kwa wenyewe, mwalimu yuko nje na simu. Cheti kizuri, kina mhuri wa dhahabu. Mwezi wa kwanza kazini akaja mama wa kizungu, katoka uwanja wa ndege jana yake, anataka akandwe miguu. Shavu moja la mguu limevimba, ukiligusa la moto, na linamuuma. Mimi nishamimina mafuta mkononi. Dada mkubwa wa pale akaingia, akaangalia, akanishika mkono: "Huyu haguswi na mtu. Hospitali, sasa hivi." Baadaye ndo akanieleza. Mguu mmoja ukivimba hivyo baada ya safari ndefu, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukiukanda, bonge linaweza kung'oka likapanda mapafuni, mtu akakufia kitandani kwako huku muziki wa mawimbi unalia.

Kwa hiyo popote utakapokwenda, swali la kwanza usiulize cheti. Uliza: mtanifundisha nani nisimguse? Wakikwambia habari za homa, mishipa iliyotuna, mjamzito, mtu aliyetoka kupasuliwa, kaa usikilize. Wakikwambia "wote ni wateja", ondoka. Kisha uliza saa ngapi utachua watu huku mwalimu kasimama anakuangalia. Kule Marekani, New York, hupewi leseni mpaka umalize saa 1,000 za masomo. Hapa sisi hatudaiwi hivyo, lakini wiki mbili ni kama saa 80, nawe hesabu umesoma.

Kuhusu mikono, shangazi yako hajakosea sana. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nachua kwa vidole gumba, watu sita kwa siku. Ramadhani ikafika, nimekaa juu ya mbuzi nikune nazi, gumba la kulia halishiki kifuu. Nikalia pale pale. Siku hizi nategemea kigasha na kiwiko, na uzito wa mwili ndo unaosukuma. Gumba nalitumia kwa kazi ndogo tu. Na kitanda kiwe kimo chako: simama pembeni, mikono ining'inie, vifundo vya ngumi viguse godoro. Kikiwa juu zaidi utasukuma kwa mabega, na jioni huwezi kuinua hata hiyo fidla.

Fundi_Kamba:
Mwanangu, waalaykum salaam. Hayo ya miguu sina ilimu nayo, nitasema ya kamba. Nimepiga taarabu tangu nywele nyeusi.

Fidla na mafuta ni mke na mke mwenza. Nywele za uta zinapakwa ulimbo ili zikwaruze kamba, sauti ndipo inapotoka. Ukizigusa na mafuta zinateleza. Nilikuwa na mwanafunzi akija moja kwa moja kutoka kukaanga pweza Forodhani. Siku moja akashika nywele kwa kiganja, uta ukawa bubu. Tulibadilisha nywele zote. Wewe utashinda na mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko.

La pili, sugu. Mkono wa kushoto, ncha za vidole vinne, zinaota ngozi ngumu kama kisigino. Nzuri kwa kamba. Kwa mgongo wa mgeni wako, sijui.

Ndiyo maana nakuuliza: umewahi kukaa mbele ya kanuni, ile ala ya taarabu ya kamba nyingi inayolazwa mapajani? Kamba zake zinakaribia 80, tatu tatu kwa kila sauti, na unapiga kwa vijiti viwili vilivyobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Kamba hazili ncha za vidole. Ni ala yenye heshima yake: Sultani Barghash alipoitaka taarabu, alimtuma Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze hiyo. Ubaya wake ni kuitia sauti. Nusu ya somo inaisha unazungusha vigingi, na ukikohoa imeshahama.

Moyo ukibaki kwenye fidla, sawa, lakini usijifunze kwa video za kizungu. Wao kamba nne wanazifunga kwa sauti za G, D, A, E. Sisi wengi tunafunga G, D, G, D. Na kabla ya ala yoyote, imba. Rasti, bayati, hijazi, hizo ngazi za sauti za taarabu, ziimbe ukifua hizo taulo. Asiyeweza kuiimba hijazi hatoipata kwa kidole.

Somo_wa_Michenzani:
Nyote mmesahau singo, ule mchanganyiko wa maua na manukato wa kusugulia mwili. Huyu mtoto wa Unguja, kwao wanasinga maharusi! Liwa, asmini, waridi, langilangi, mrehani, mpompia. Hoteli zinawauzia wageni kwa dola. Kasomee masaji, mwanangu, ila singo kajifunze kwa bibi yako kabla hajakwenda nayo.

Binti_Nungwi:
Nimerudi. Jana nimepita pale pa wiki mbili nikamuuliza yule kaka: mtu akija na mguu mmoja umevimba na una moto? Akasema, "Unampaka mafuta ya moto zaidi, uvimbe unashuka." Nikamwambia nimesahau pochi nyumbani.

Bibi nimemwambia habari ya singo, amenituma langilangi hapo hapo, nimepanda mti na deraa. Hijazi naimba, meneja kaniuliza kama naumwa.

Fundi, swali moja tu. Hiyo kanuni, gari ya 116, ya Nungwi na mjini, wataniwekea juu kwenye keria?

Fundi_Kamba:
Usithubutu. Mapajani, na ulipe viti viwili.