Naomba ushauri: kuchora nakshi kwenye zulia la katani

Habarini wapendwa. Nipo Tanga, Ngamiani. Nina zulia la katani, futi 5 kwa 7, tupu kabisa, rangi ileile ya kamba. Nimechoka kulitazama. Nataka kulichora mwenyewe: pindo kama la kanga kuzunguka pembeni, na korosho moja kila kona.

Nilikata korosho kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, nikajaribu upande wa chini kwa rangi ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta. Nilipopitisha brashi, rangi ikapenya chini ya kadibodi, korosho ikatanuka. Mume wangu kauliza hiyo figo ya nani. Ilipokauka ikawa ngumu kama ganda, ukikunja zulia inapasuka. Kugongagonga kwa sponji yenye rangi kidogo kulisaidia, ila si sana.

Rangi ya vitambaa itashika kwenye katani, au nizimue hii hii ya ukuta? Kulilowesha naogopa, maana katani ikinywa maji hujikunja. Na kwa unyevu huu wa pwani, nisubiri siku ngapi kabla ya kulikanyaga? Watoto wangu kuvua ndala mlangoni ni mpaka nipige kelele.

Aliyewahi kufanya anisaidie, na picha kama ipo.