Visanduku vya msimbo vya kijivu juu ya kijivu: mnatuumiza!

Wadau, nimevumilia mwaka mzima, leo naongea.

Kila Jumamosi nafundisha vijana kuandika programu hapa Kondele, Kisumu. Ni chumba cha kupanga, bati juu, dirisha moja linalotazama magharibi. Ikifika saa tisa jua limejaa ndani, na laptopu zetu ni za mitumba, vioo vimeshafifia. Wasio na laptopu wanasomea kwa simu. Tunatumia masomo ya bure ya tovuti moja, sitaitaja. Masomo yenyewe ni mazuri, hilo siwanyimi. Lakini visanduku vya msimbo, vile vinavyoonyesha mistari ya programu! Usuli ni #f5f5f5, kijivu kinachokaribia nyeupe; komenti, yaani maelezo ya msomaji ambayo kompyuta huyaruka, ni #999999, kijivu pia. Nani aliona hiyo akasema inasomeka?

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja alikuwa anatengeneza mfumo mdogo wa kuweka michango ya chama cha mamake, anayeuza omena soko la Kibuye. Akanakili amri ya DROP TABLE, inayofuta jedwali zima la data, kutoka kwenye somo, akaiendesha. Michango ya miezi minne ikafutika. Juu ya amri ile kulikuwa na komenti inayoonya: hifadhi nakala kwanza. Ipo kweli, nimeiona mwenyewe, lakini mpaka nilipofunga pazia na kuinamia kioo. Kijana alilia mbele ya wenzake. Mamake akazunguka sokoni na daftari, akimuuliza kila mwanachama alitoa ngapi na lini.

Nikawaandikia wenye tovuti. Jibu: rangi ni suala la ladha.

Ladha gani? Kuna kipimo! Mwongozo wa WCAG 2.0, wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, ulitoka mwaka 2008, na unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Rangi zao nimezipigia hesabu, zinapata 2.6. Hazifikii hata ile 3 inayoruhusiwa kwa maandishi makubwa, na msimbo wa pikseli 13 si maandishi makubwa.

Halafu kuna kosa ambalo naliona kila mahali, hata kwa watu wanaojali. Mtu anapima rangi juu ya ukurasa mweupe, anaridhika, kisha anaiweka ndani ya kisanduku chenye usuli wake. Chukua #767676. Juu ya nyeupe inapata 4.54, imepita. Juu ya #f5f5f5 inashuka hadi 4.17, imeanguka. Weka #666666 hapo hapo uone: 5.27. Komenti bado inaonekana imepoa kuliko msimbo, na bado inasomeka. Ni kubadilisha tarakimu sita kwenye CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa tovuti, basi!

Nanyi mnaopenda usuli mweusi msijidhani mmepona. Buluu kamili, #0000ff, juu ya nyeusi ni 2.44 tu, kwa kuwa katika hesabu ya mng'ao, ambayo ndiyo inayotoa uwiano huo, buluu inachangia takriban asilimia 7, wakati kijani inazidi 70. Na mnaoonyesha mabadiliko ya msimbo, mstari uliofutwa kwa nyekundu na ulioongezwa kwa kijani bila alama ya kutoa wala kujumlisha, asiyetofautisha rangi hizo mbili asome nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba komenti ndizo zinazofifishwa, wakati kwa mwanafunzi komenti ndiyo mwalimu. Mjuzi anaweza kuiruka. Anayeanza hana kingine cha kumshika mkono.

Kupima hakuna gharama. Chrome na Firefox zote zinakuonyesha uwiano ukibofya rangi ndani ya zana zao za wasanidi, yaani za watengenezaji tovuti. Pimeni kila rangi ya kisanduku, moja moja, juu ya usuli wake halisi. Kisha tokeni nje na simu saa saba mchana mjaribu kusoma.

Mimi Jumamosi hii nina vijana 11 na somo la hifadhidata. Nimelipeleka saiba likachapishwe lote kwa wino mweusi, shilingi 10 kila ukurasa, kurasa 14, nakala 11. Hiyo ni 1,540 kutoka mfukoni mwangu, kwa somo la bure.