Naomba ushauri: mwisho wa Twin Peaks mnauelewaje?

Wadau, habari zenu. Nimemaliza Twin Peaks, ile tamthilia ya David Lynch na Mark Frost iliyoanza 1990 na kurudi 2017, na sehemu ya 18, ile ya mwisho ya 2017, imeninyima raha kabisa. Cooper, yule mpelelezi wa FBI, anamchukua Carrie, mwanamke anayefanana kabisa na Laura Palmer (binti ambaye mauaji yake ndiyo chanzo cha hadithi), kutoka Odessa, Texas, wanasafiri usiku hadi nyumba ya kina Laura. Anayefungua mlango ni mwanamke mwingine, hata Sarah Palmer, mama yake Laura, hamjui. Wakirudi barabarani, Cooper anauliza huu ni mwaka gani. Sauti inaita "Laura" kwa mbali, Carrie anapiga yowe, taa za nyumba zinazimika. Basi, imeisha!

Dada yangu anasema Cooper ameshindwa, kampeleka binti wa watu pasipo na njia ya kurudi. Mimi naona lile yowe ni Laura kukumbuka yote, na hapo ndipo giza linaposhindwa. Wanaodai ilikuwa ndoto siwaelewi. Wanayafuta mateso ya Laura kirahisi mno.

Naombeni ushauri: nitazame kwanza filamu ya Twin Peaks ya 1992 (Fire Walk with Me), au nirudie msimu wa 1? Na zile taa kuzimika nyie mmezichukuliaje?