Nimefuta gigabaiti 80 kwenye ZFS, lakini nafasi ya diski haijaongezeka

Muulizaji:
Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia seva ya ofisi inayotumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski), nami nimeipanga ichukue snapshoti, yaani taswira ya faili zote zilivyo wakati huo, kila saa ili mtu akiharibu waraka tuweze kuurudisha. Juzi diski ilikaribia kujaa, nikafuta gigabaiti 80 za video za zamani, lakini nafasi haikuongezeka hata kidogo. Nimekosea wapi? Tena, nitajuaje ni faili zipi zimebadilika tangu jana bila kupekua folda moja moja?

Mchangiaji wa kwanza:
Hujakosea, mkuu. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Faili ikibadilishwa, data mpya huwekwa kwenye bloku nyingine (vipande vya nafasi ya diski), na snapshoti huendelea kuzishikilia bloku za awali. Ndiyo maana snapshoti ikichukuliwa haili nafasi yoyote ya maana, ila huanza kuila kadiri mnavyofuta na kubadilisha. Ukiingia katika folda iliyofichwa ya `.zfs/snapshot` utazikuta video zako zote. Kiasi kinachoshikiliwa utakiona kwa `zfs list -o space`, safu ya USEDSNAP. Nafasi hairudi mpaka ufute kila snapshoti yenye video hizo. Ukibakiza hata moja, umefanya kazi bure. Kabla ya kufuta, tumia `zfs destroy -nv`, ambayo haifuti chochote bali hukuonyesha kiasi utakachopata.

Kuhusu mabadiliko, andika `zfs diff` ukifuatisha majina ya snapshoti mbili. Mstari kama `M /hifadhi/ofisi/bajeti.ods` unamaanisha faili imebadilishwa. Alama ya kujumlisha ni faili mpya, ya kutoa ni iliyofutwa, na R ni iliyopewa jina jipya. Kilichobadilika ndani ya faili hakionyeshwi.

Mchangiaji wa pili:
Naomba niongeze tahadhari moja. Ukitaka kurudisha waraka mmoja, unakili tu kutoka folda hiyo iliyofichwa. Mimi niliwahi kutumia `zfs rollback -r`, ambayo hurudisha faili zote kwenye hali ya snapshoti ya zamani, kwa ajili ya faili moja, na kazi ya asubuhi nzima ya wahasibu ikapotea pamoja na snapshoti zote zilizofuata. Vilevile, snapshoti zinakaa kwenye diski zilezile, kwa hiyo zipeleke kwenye mashine nyingine kwa `zfs send -i`, ambayo hutuma tofauti peke yake.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. USEDSNAP ilikuwa gigabaiti 93! Nimeanza kufuta za zamani, na kuanzia leo nitabakiza za saa 24 na moja ya kila siku kwa siku 30.